Meinfremu haijaguswa miezi 18: marekebisho yaanzie wapi?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nimehamishiwa kitengo cha meinfremu, ile kompyuta kubwa ya kampuni, baada ya aliyekuwa akiitunza kustaafu. Mfumo endeshi ni z/OS, na mara ya mwisho kuwekewa marekebisho ni miezi 18 iliyopita. Mkuu wangu anasema mfumo unatembea vizuri, tuuache hadi kitu kiharibike. Mimi silali vizuri. Nilipojaribu APPLY CHECK nilipata vizuizi zaidi ya 300 na kazi ikaisha na msimbo 12 wa kushindwa, nikafunga kila kitu. Je, niweke yote, niweke yale ya lazima tu, au nimsikilize mkuu? Na nikianza, nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza nikutoe hofu: APPLY CHECK, amri ya majaribio ya SMP/E (programu ya z/OS ya kuweka marekebisho), haibadilishi maktaba hata moja ya mfumo. Inapiga hesabu tu, kwamba ingeambiwa iweke, ingeweka nini na ingekwama wapi. Kwa hiyo ile 12 haikuharibu chochote. Imekupa orodha ya maswali ambayo mtu anapaswa kuyajibu kabla ya kugusa mfumo, na kwa miezi 18 hapakuwa na wa kuyajibu.

Jibu langu kwa kifupi: usiweke yote, usiokoteze yale ya lazima tu, na usisubiri kitu kiharibike. Chagua kiwango kimoja ambacho marekebisho yake yamejaribiwa kwa pamoja, kiweke kwenye nakala ya mfumo isiyotumiwa na mtu yeyote, kisha mhamie kwenye nakala hiyo siku mnayoichagua wenyewe.

Nianze na mkuu wako, maana hoja yake si ya kupuuza. Ameona mifumo ikianguka baada ya kuguswa, na kweli huwa inaanguka. Anachosahau ni kwamba kusubiri hakumwondolei kazi ya kuugusa mfumo. Kunamnyang'anya haki ya kuchagua siku. Marekebisho ya IBM huja kama PTF, na ni nadra PTF kusimama peke yake. Hubeba masharti: PRE, kwamba fulani awe ametangulia, REQ, kwamba fulani aende pamoja nami, IF, kwamba bidhaa fulani ikiwepo nayo ipate PTF yake, na SUP, kwamba mimi nimechukua nafasi ya hawa. Sasa fikiria usiku wa kufunga mwezi. Kazi za usiku zimesimama, dampo (picha ya kumbukumbu wakati wa kuanguka) limesomwa, na imeonekana kwamba hitilafu hiyo ina APAR (ripoti ya hitilafu ya IBM) iliyofungwa miezi 10 iliyopita. PTF ipo tayari. Unaandika APPLY SELECT ya hiyo moja tu. SMP/E inakwambia inataka nyingine iliyotangulia, ambayo nayo inataka mbili, na moja kati ya hizo mbili inagusa bidhaa nyingine. Unaongeza GROUPEXTEND ili ivute zote, na ghafla una PTF 60 mkononi, kila moja na vizuizi vyake, saa 8 usiku, simu zikiita. Kazi uliyoikwepa miezi 18 unaifanya kwa saa 3, bila kuisoma. Dawa ya deni ni kulipa, na deni la marekebisho lina ubaya wa pekee: anayedai ndiye anayechagua tarehe.

Kabla sijaingia kwenye hatua, tuelewane kuhusu SMP/E yenyewe. Wengi huiona kama chombo cha kusakinisha. Mimi naiona kwanza kama daftari. Daftari hilo ni CSI, faili la VSAM linaloandika kila kipande cha mfumo, iwe moduli au makro, ni cha nani na nani alikigusa mara ya mwisho. FMID ni bidhaa inayokimiliki. RMID ni rekebisho lililokibadilisha chote mara ya mwisho. UMID ni lililotia kiraka juu yake bila kukibadilisha chote. Daftari lina zoni: ya GLOBAL, inayojua kila kilichopokelewa, zoni lengwa, inayoeleza maktaba ambazo mfumo unazitumia kweli, na zoni ya usambazaji, inayoeleza nakala ya akiba ya vipande hivyo hivyo. RECEIVE huingiza PTF kwenye zoni ya GLOBAL na kwenye hifadhi iitwayo SMPPTS. APPLY huiweka kwenye maktaba lengwa. ACCEPT huipitisha hadi maktaba za usambazaji. RESTORE hurudi kinyume: huchukua kipande kutoka maktaba za usambazaji na kukirudisha kwenye maktaba lengwa. Shika hilo la mwisho, tutalihitaji.

Daftari ni kitu kimoja na maktaba ni kitu kingine. Kutolielewa hilo ndiko kulikozaa kosa baya kuliko yote niliyowahi kushiriki. Miaka ya nyuma nilikuwa mahali ambapo marekebisho yaliwekwa moja kwa moja kwenye volumu (diski) zilizo hai. Usiku mmoja APPLY ilikatika njiani kwa E37, maktaba moja imejaa, na baadhi ya PTF zilikuwa zimeingia nusunusu. Tulikuwa na nakala rudufu ya volumu ya SYSRES, ile ambayo mfumo huwashwa kutokea hapo. Tukairudisha, mfumo ukawaka, tukamshukuru Mungu, tukaenda kulala. Hakuna aliyekumbuka kwamba CSI ilikuwa volumu nyingine na haikurudishwa.

Kuanzia hapo daftari lilisema PTF zile zipo, na maktaba hazikuwa nazo. Miezi kadhaa baadaye tukaweka PTF mpya iliyozihitaji. SMP/E ikaangalia daftari, ikaona masharti yametimia, ikaweka moduli mpya katikati ya majirani wa zamani. Zikaanza abend za 0C4, yaani programu kukatika kwa kugusa kumbukumbu isiyo yake, mahali ambapo palionekana hapajaguswa. Tulihangaika karibu wiki nzima hadi mmoja wetu alipoipitisha moduli moja kwenye AMBLIST, programu ya kuchungulia ndani ya moduli, na kuona tarehe iliyounganishwa. Ilikuwa ya zamani kuliko PTF ambayo daftari liliapa kwamba imeileta. Tangu siku hiyo sijakubali kuchukua nakala rudufu ya maktaba bila CSI yake, wala ya CSI bila maktaba zake, kwa wakati mmoja, huku hakuna kazi ya SMP/E inayoendelea.

Kwa hiyo hatua yako ya kwanza ni nakala. Tuseme mfumo wako hai unawashwa kutoka volumu RESA01. Tafuta volumu nyingine ya ukubwa ule ule au mkubwa zaidi, uiite RESB01, unakili yote kwa DFSMSdss (programu ya z/OS ya kunakili diski), na mafaili ya zFS ya upande wa UNIX yaambatane nayo. Zoni lengwa nayo inakiliwa kwa ZONECOPY, TGTA ikazaa TGTB, na napendelea kila zoni lengwa iwe na CSI yake inayokaa kwenye volumu za seti yake, ili anayebeba maktaba asiweze kusahau daftari. Kama kwenu mnatumia z/OSMF (chombo cha usimamizi cha kwenye kivinjari), sehemu yake ya usimamizi wa programu inaweza kukufanyia sehemu kubwa ya hili. Hata hivyo fanya kwa mkono angalau mara moja, ujue kinachotokea chini.

Hapa kuna shimo ambalo wageni hutumbukia. Zoni uliyoinakili bado ina DDDEF (maelezo ya mahali maktaba zilipo) zinazoelekeza kwenye volumu ya zamani. Ukiandika APPLY kwenye TGTB huku DDDEF zake zinasema RESA01, utakuwa unabadilisha mfumo ulio hai, na daftari la nakala ndilo litakaloandika. Kabla ya jambo lolote fanya hivi:

SET BOUNDARY(TGTB) .
ZONEEDIT DDDEF .
CHANGE VOLUME(RESA01,RESB01) .
ENDZONEEDIT .

Kisha toa orodha ya DDDEF zote kwa LIST na uisome kwa macho yako, mstari kwa mstari. Zitakazokosa volumu ni za kuangalia kwa makini zaidi, kwa sababu SMP/E itazitafuta kwenye katalogi, na katalogi inaijua RESA01. Zenye PATH nazo zielekezwe kwenye mahali ulipopachika nakala ya zFS, kwa kawaida chini ya /Service. Hii ni nusu siku ya kazi ya kuchosha. Siijui nusu siku yenye faida kubwa kuliko hiyo katika kazi hii yote.

Sasa swali la uweke nini. IBM ina mpango uitwao CST, ambamo PTF za z/OS hujaribiwa kwa pamoja na zile za bidhaa kubwa zinazokaa juu yake, kama CICS, Db2, IMS na MQ. Zilizopita hupewa alama ya RSU, ikifuatiwa na mwaka na mwezi. RSU2409, kwa mfano, ni ya Septemba 2024. Zile za mwisho wa robo mwaka, yaani 03, 06, 09 na 12, hubeba mzigo mkubwa wa PTF. Za miezi ya katikati hubeba zaidi yale ya dharura: HIPER, ambayo ni marekebisho ya hitilafu zenye madhara makubwa au zinazoenea kwa wengi, pamoja na PTF zinazosahihisha PTF nyingine zilizoharibika. Ukiweka kila PTF iliyotoka hadi jana, unaweka vitu ambavyo havijapata muda wa kuishi na wenzao. Ukiokoteza HIPER peke yake, kila robo unazidi kuwa na mchanganyiko ambao hakuna mwingine duniani anao, na siku ya tatizo utakuwa peke yako nao.

Kwa mfumo ulioachwa miezi 18, mimi ningelenga RSU ya robo iliyotimiza kama miezi 3 tangu itoke, kisha juu yake niongeze HIPER na marekebisho ya PTF mbovu hadi leo. Unapata kiwango ambacho wengine wamekwisha kukitembelea, bila kurithi makosa yaliyogundulika tangu hapo. RECEIVE ORDER ikiwa imewekwa vizuri huvuta yote moja kwa moja kutoka seva ya IBM. CONTENT(RECOMMENDED) inaleta RSU pamoja na zile za dharura, na CONTENT(CRITICAL) inaleta za dharura tu.

Pamoja na PTF, pokea HOLDDATA mpya, na upokee siku ile ile unayofanya APPLY. IBM huitoa upya kila siku. PTF ni kama ilivyoandikwa siku ilipotoka. HOLDDATA ndiyo habari ya kilichojulikana baadaye kuhusu PTF hiyo. Anayeweka PTF za leo kwa HOLDDATA ya mwezi uliopita anaweka vitu ambavyo wenzake wamekwisha kuambiwa ni vibovu.

Na hapa ndipo tunafika kwenye vizuizi vyako 300. Usivitazame kama 300. Vigawe kwanza kwa aina, kwa sababu aina mbili tu ndizo zitakazokuchukulia muda, na zinatendewa kinyume kabisa.

Kizuizi cha ERROR kinasema PTF hii ni mbovu. Sababu yake huwa ni namba ya APAR inayoeleza ubovu. Hiki hukipitii. Kinajiondoa chenyewe PTF nyingine inayomaliza APAR hiyo inapoingia, na GROUPEXTEND huitafuta PTF hiyo kama umekwisha kuipokea. Ndiyo maana mara nyingi dawa ya vizuizi vya ERROR ni kupokea zaidi. Ikiwa msahihishaji bado hajatoka, PTF hiyo ibaki nje, pamoja na zinazoitegemea. Nimewaona watu wakiandika BYPASS(HOLDERROR) kavu, bila kutaja APAR yoyote, ili kazi isikwame. Hiyo ni kuweka ubovu ulioandikwa jina lake. Ikibidi sana kupita mmoja, soma APAR yake, uridhike kwamba haikuhusu, kisha utaje namba hiyo peke yake ndani ya mabano, na uandike mahali kwa nini.

Kizuizi cha SYSTEM hakisemi PTF ni mbovu. Kinasema kuna jambo ambalo SMP/E haiwezi kukufanyia, na kinakuzuia hadi ukiri kwamba umelisoma. Sababu yake ni neno moja. DOC ni maelezo kwenye vitabu yamebadilika. IPL ni kwamba mfumo lazima uwashwe upya. RESTART ni kwamba huduma fulani izimwe na kuwashwa. DEP ni utegemezi ambao hauonekani kwenye masharti ya kawaida. DB2BIND inataka BIND, yaani kuunganisha upya programu na hifadhidata ya Db2, ifanywe. MULTSYS inahusu mifumo inayoshirikiana, kwamba rekebisho lazima liwe kwenye mashine zote, au liwe kwanza kwenye zile za zamani. ACTION ndiyo mama yao: kuna kazi ya mkono, na maelezo yake yameandikwa hapo hapo.

Kuna ACTION moja nisiyoisahau. PTF ilikuwa ya huduma ndogo ya mtandao, na maelezo yake yalikuwa aya mbili. Aya ya kwanza ilisema jina la huduma. Ya pili ilisema kwamba kuanzia rekebisho hili huduma itakagua ruhusa ambayo awali haikuikagua, na kwamba profaili yake iundwe kwenye RACF, mfumo wa usalama wa z/OS, kabla ya kuiwasha. Aliyekuwa zamu alisoma aya ya kwanza, akaona huduma ni ndogo, akaendelea. Mfumo uliwaka vizuri kabisa. Huduma nayo iliwaka. Kila mtumiaji aliyejaribu kuingia alikataliwa, na saa mbili za kwanza watu walikuwa wanatafuta kosa kwenye mtandao. Sentensi iliyokosekana ilikuwa kwenye ripoti, imechapishwa, ina tarehe.

Kwa hiyo njia yangu ni kuandika CHECK ikiwa na ruhusa ya kupita vizuizi vya SYSTEM, kwa makusudi, ili ripoti ivichapishe vyote pamoja na maelezo yake:

SET BOUNDARY(TGTB) .
APPLY PTFS
 SOURCEID(RSU*,HIPER,PRP)
 GROUPEXTEND
 BYPASS(HOLDSYSTEM)
 CHECK .

PRP ni alama ya PTF zinazosahihisha PTF mbovu. RSU* itavuta kila RSU iliyopokelewa, basi kama umepokea zaidi ya unazozitaka, mahali pake zitaje moja moja. Ripoti ya vizuizi vilivyopitwa ndiyo kazi yako ya wiki. Isome na kalamu mkononi. Za DOC utazipita haraka. IPL zote ni jambo moja, kwani utawasha upya kwa vyovyote. Katika 300, huenda za kukuumiza kichwa zikawa 20 au 30. Kila moja uiandike kwa lugha yako: nini kifanywe, na nani, kabla ya APPLY, kati ya APPLY na IPL, au baada ya IPL. Wa usalama wapate zao, wa Db2 zao, wa mtandao zao, na wakujibu kwa maandishi. Orodha hiyo ikikamilika ndipo unapofuta neno CHECK. Ukifika hapo, BYPASS(HOLDSYSTEM) inakuwa ni kiapo kwamba umesoma.

Kuhusu makosa mengine ya CHECK, usisome ujumbe kuanzia juu. SMP/E inaweza kukutolea kurasa na kurasa za PTF zilizoshindwa, na nyingi zimeshindwa kwa sababu mwenzake mmoja ameshindwa. Mwishoni kuna ripoti fupi iitwayo Causer SYSMOD Summary. Inataja wale waliosababisha tu. Rekebisha hao, rudia CHECK, soma tena. Mara nyingi mzunguko wa tatu unatosha.

Jambo moja kwa mfumo uliorithiwa: USERMOD. Hayo ni mabadiliko ambayo watangulizi wako waliyatia wenyewe, exit ya zamani (kijiprogramu cha nyumbani kinachoitwa na mfumo), pengine ujumbe uliorekebishwa maneno. PTF ikija na moduli hiyo hiyo, SMP/E itaona kwamba RMID au UMID ya kipande haikutajwa na PTF, na itakataa. Wapo wanaoandika BYPASS(ID) na kuendelea, na hapo mabadiliko ya nyumbani yanafutika kimyakimya huku daftari likiendelea kuyataja. Njia sahihi ni RESTORE ya USERMOD, APPLY ya PTF, kisha kulinganisha na kuirudisha USERMOD kama bado inahitajika. Toa orodha ya USERMOD zote leo, uulize kila moja ina kazi gani. Ukipata mtu wa kumpigia yule mzee aliyestaafu, mpigie. Nyingi hazina kazi tena, ila moja au mbili ndizo zinazoshikilia jambo ambalo hakuna aliyeliandika.

APPLY yenyewe ikishaanza haina mengi. Hakikisha maktaba zina nafasi, weka COMPRESS(ALL) kwa kuwa hakuna anayezitumia, na uisome ripoti hata kama imeisha na 4, msimbo wa onyo tu. Ndiyo uzuri wa kufanya kazi kwenye nakala: ikikatika kwa E37 unakuza maktaba, unaendelea, wala hakuna mtumiaji aliyejua.

Siku ya kuhama, mnawasha kutoka RESB01. Mafaili ya SYSRES yakiwa yameandikwa kwenye katalogi kwa alama ya &SYSR1 na si kwa jina la volumu, kuhama ni kubadilisha volumu ya kuwashia tu, na kurudi ni hivyo hivyo. Msisahau CLPA, chaguo la kuipakia upya LPA (eneo la kumbukumbu linaloshirikiwa na wote) wakati wa kuwasha. Bila hiyo mfumo unaweza kuendelea na moduli za LPA za zamani zilizobaki kwenye mafaili ya kurasa, nanyi mkadhani mmejaribu marekebisho kumbe hamkuyajaribu. Anzeni na LPAR ya majaribio (mgawo wa mashine unaoendesha mfumo wake wenyewe), ikae wiki mbili au zaidi na ipitie angalau kufunga mwezi mmoja. Kama mna sysplex, yaani mifumo kadhaa inayoshirikiana kazi, hamisheni mmoja mmoja, wengine wakiendelea kuhudumia.

Nimekuomba ushike habari ya RESTORE. RESTORE hairudishi kipande kwenye hali ya jana. Inakirudisha kwenye hali ya maktaba za usambazaji, yaani ya ACCEPT ya mwisho. Kama PTF tatu zimegusa moduli moja na hakuna iliyofanyiwa ACCEPT, huwezi kuiondoa ya tatu peke yake. Lazima uziondoe zote tatu, na RESTORE GROUP itakuonyesha mnyororo ulivyo mrefu. Na PTF ikishafanyiwa ACCEPT, RESTORE haiiwezi tena. Basi wapo wanaofanya ACCEPT usiku ule ule ili SMPPTS ipungue, na wapo wasioifanya kabisa. Wa kwanza wamechoma daraja kabla ya kujua upande wa pili kuna nini. Wa pili wana minyororo isiyoondoleka. Mimi hufanya ACCEPT ya mzunguko uliopita nikiwa karibu kuanza mzunguko mpya, yaani baada ya miezi kadhaa ya kazi halisi. Katika miezi hiyo, kurudi nyuma ni kuwasha kutoka RESA01, na RESTORE nabaki nayo kwa PTF moja moja tu.

Baada ya mzunguko wa kwanza, usiruhusu miezi 18 ijirudie. Mara 2 hadi 4 kwa mwaka ni mwendo ambao kitengo kidogo kinaumudu, na kila mzunguko ni mwepesi kuliko uliotangulia. Kati ya mizunguko, kila wiki pokea HOLDDATA na uendeshe REPORT ERRSYSMODS, ripoti ya PTF mbovu mlizokwisha kuziweka. Unapojiandaa kwa mashine mpya, REPORT MISSINGFIX ndiyo ya kukuambia PTF zipi zinakosekana. Kwa z16, kwa mfano, unaitajia FIXCAT (kundi la marekebisho) ya IBM.Device.Server.z16-3931.RequiredService. Na kwa marekebisho ya usalama, ambayo IBM haiyaelezi hadharani, kampuni yenu ijiandikishe kwenye IBM Z Security Portal. Anayestahili kuiomba ni msimamizi wa usalama, lakini asipoiomba kumbusha wewe.

Na kuhusu mkuu wako, usiende kwake na maneno. Kesho asubuhi pokea HOLDDATA ya leo, ambayo inagusa zoni ya GLOBAL tu, kisha endesha hivi kwenye zoni ya mfumo ulio hai:

SET BOUNDARY(GLOBAL) .
REPORT ERRSYSMODS ZONES(TGTA) .

Itakutolea orodha ya PTF ambazo ziko ndani ya mfumo wenu sasa hivi, zinafanya kazi mchana na usiku, na ambazo IBM imekwisha kusema zina hitilafu. Mbele ya kila moja kuna APAR, dalili zake, na PTF ya kuisahihisha kama imetoka. Baada ya miezi 18 sidhani itakuwa tupu. Chagua mstari mmoja ambao dalili yake yeye mwenyewe ataielewa, iwe ni data kuharibika au mfumo kusimama, umwekee mezani, na umuombe volumu moja ya RESB01.